Kupima na Kusawazisha Maji ya Tangi la Matumbawe Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili

Kama umenunua seti ya kupimia maji na kitu cha kwanza ulichotaka kujua ni pH, funga kichupa hicho ukirudishe kwenye sanduku. Tutafika huko, na hatutakaa sana. Maji ya matumbawe yana mpangilio wake wa kupimwa: kwanza maji matupu kabla hayajatiwa chumvi, kisha chumvi, kisha alkaliniti (akiba ya kaboneti majini), na hayo mengine yafuate. Chumvi ikiwa pungufu kwa asilimia 10, kalsiamu na magnesiamu nazo zitasomeka pungufu kwa kadiri hiyo hiyo, na wewe utamimina dawa ya kalsiamu wakati tangi lilikuwa linadai chumvi tu.

Ninachukulia kwamba tangi lako limeshakomaa: amonia na nitriti zinasoma sifuri, na nitrati imeanza kuonekana. Tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kufika hapo. Kama bado, ngoja. Tumbawe ukilinunua leo halitakusubiri.

Namba unazozitafuta

Joto: 24 hadi 26 °C
Chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yaani 1.026 kwenye refraktomita, kidude cha kupimia chumvi kwa mwanga
Alkaliniti: 7.5 hadi 9 dKH (kizio cha kupimia alkaliniti)
Kalsiamu: 400 hadi 450 mg kwa lita
Magnesiamu: 1,250 hadi 1,350 mg kwa lita
Nitrati: 2 hadi 10 mg kwa lita
Fosfati: 0.03 hadi 0.1 mg kwa lita
pH: 7.8 hadi 8.4

Bahari yenyewe ina alkaliniti ya karibu 7 dKH, kalsiamu ya 410 hivi na magnesiamu isiyopungua sana 1,300, kwa hiyo orodha hii haikutoka mbali. Ila isikufanye mtumwa. Tangi ambalo alkaliniti yake inakaa 7.8 mwezi mzima litakuza matumbawe mazuri kuliko lile linaloruka kutoka 7.5 hadi 9 na kurudi, ingawa namba zote hizo zimo ndani ya mipaka. Chagua namba moja, uishi nayo.

Hatua ya 1: Yajue maji unayoletewa

Hapa ndipo Nairobi ina mambo yake. Maji ya mfereji hutoka zaidi kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayolishwa na mito ya milima ya Aberdare. Ni maji laini, yenye madini machache, na yametiwa klorini. Shida ni kwamba mfereji una zamu. Siku isiyo zamu yako, mwenye nyumba huagiza boza, na boza mara nyingi limejazwa kisimani. Ukiwa Syokimau, Rongai au Kitengela, huenda kisima ndicho chanzo chako mwaka mzima. Maji ya visima vya huku yamepita kwenye miamba ya volkano, na kwa kawaida yana floraidi nyingi pamoja na sodiamu bikaboneti. Maji ya mfereji na ya kisima huishia kwenye tangi moja la chini la ploti, kwa hiyo maji ya Jumatatu siyo ya Alhamisi. Ukimuuliza dereva wa boza kama ni ya kisima au ya kaunti, atakuambia, “Mkubwa, maji ni maji.”

Kwa kuoga, sawa. Kwa matumbawe, hapana. Kila siku maji huvukizwa kutoka tangini, chumvi na madini yakibaki, nawe unajazia. Ukijazia kwa maji ya kisima unaongeza bikaboneti kidogo kidogo, na baada ya wiki kadhaa unajiuliza kwa nini alkaliniti inapanda ilhali hujatia chochote.

Dawa yake ni chujio la RO, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba, lenye hatua ya rezini (chembe zinazoshika madini yaliyobaki) mwishoni, pamoja na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kile kidude kidogo kama kalamu. Pima maji yanayoingia na yanayotoka, na uandike yote mawili. Yanayotoka yawe 0. Yakianza kusoma 2 au 3, rezini imechoka. Ibadilishe, kwa sababu rezini iliyojaa huachilia ulichodhani imekishika. Ya kuingia ikiruka ghafla kutoka makumi hadi mamia, umeletewa kisima. Usisahau chujio la makaa lililo mbele ya utando wa RO: hilo ndilo linalozuia klorini, na klorini hula utando huo.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalitaji. Utando wa RO unahitaji msukumo wa bar 3 hadi 4, na maji ya tangi la juu ya paa hukupa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Kama unaishi ghorofa ya pili kati ya nne, una bar moja au chini yake. Chujio litadondosha maji kwa kuvizia, na yatakayotoka hayatakuwa safi vya kutosha. Mwambie fundi wa mabomba aweke pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Maji yanayotupwa, ambayo huwa mara tatu au nne ya yaliyosafishwa, yaelekeze kwenye ndoo ya kufulia na ya choo. Kwa bili za maji za siku hizi kuyamwaga ni kujikomoa.

Je, maji halisi ya bahari? Wapo wanaoyabeba kwa mitungi kutoka Pwani. Mimi siwashauri. Karibu kilomita 480 za barabara ni nyingi, maji ya karibu na bandari au vijito vya mji hubeba uchafu, na wakati wa masika maji ya juu ya vijito huwa yamezimuliwa na mvua. Na mtu anayeokota mawe au matumbawe baharini ajue kwamba Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, na kwamba matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Hatua ya 2: Chumvi

Tumia refraktomita, na usiiamini mpaka uisahihishe. Wengi huisahihisha kwa maji ya RO, wakaiweka kwenye sifuri na kuridhika. Sifuri inaweza kuwa sawa huku 35 ikiwa imekosewa, na wewe unafanya kazi kwenye 35. Kuna myeyusho maalumu wa kununua, lakini unaweza kuutengeneza jikoni: gramu 36.5 za chumvi ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji ya RO, ukipima yote kwa mizani. Myeyusho huo hupindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Weka tone kwenye kioo, ngoja nusu dakika lipate joto la kifaa, kisha kaza skrubu mpaka mstari ukae 35.

Unapochanganya chumvi mpya, weka maji kwanza, washa pampu na hita, ndipo umimine chumvi taratibu. Mtungi wa lita 20 utahitaji takriban gramu 720 hadi 760, kutegemea aina. Acha izunguke saa kadhaa. Kisha pima alkaliniti ya maji hayo mapya kabla hayajagusa tangi, jambo ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Chumvi nyingine hutengenezwa kwa makusudi ziwe na 11 au 12 dKH. Kama tangi lako liko 8 na umebadilisha asilimia 20 kwa maji ya 12, umepandisha alkaliniti hadi 8.8 kwa alasiri moja, na kesho utamlaumu samaki.

Chumvi ya tangi ikiwa imepanda au kushuka, irudishe kwa siku kadhaa, kama 0.001 kwa siku. Usipime kitu kingine mpaka itulie.

Hatua ya 3: Alkaliniti, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Alkaliniti ni akiba ya bikaboneti na kaboneti ambayo matumbawe hutumia kujenga mifupa yao. Ndiyo inayoshuka upesi kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza upesi ikibadilika. Ukiwa na pesa za seti moja nzuri tu, nunua hii.

Pima mchana, karibu na dirisha, ukiweka karatasi nyeupe nyuma ya kichupa. Taa ya buluu ya tangi itakudanganya rangi. Suuza kichupa kwa maji ya tangi, chota kiasi kilichoandikwa, tia kiashirio, kisha vuta kemikali kwenye bomba la sindano. Kutakuwa na hewa kidogo kwenye ncha. Isikusumbue, soma pale penye ukingo wa mpira wa ndani. Sasa dondosha tone moja moja huku ukitikisa. Mwanzoni kila tone litazua wingu dogo la waridi litakalopotea ukitikisa. Kadiri unavyokaribia, wingu litachelewa kupotea. Tone litakalogeuza kichupa kizima, kikabaki hivyo, ndilo la mwisho. Watu wengi huongeza mawili zaidi “ili rangi ikolee” na hivyo kujipa namba ya juu kuliko ukweli. Ukiwa na tabia hiyo, angalau iwe tabia ile ile kila mara.

Huiamini seti yako? Ijaribu. Yeyusha gramu 1.5 za beking soda kwenye lita 5 za maji ya RO, upime. Unapaswa kupata 10 dKH. Ukipata 9, ujue seti inasoma chini kwa moja, au mizani yako ya jikoni haiwezi gramu ndogo kiasi hicho. Angalia pia tarehe ya kuisha kwenye kichupa cha kemikali kabla hujalipa dukani.

Sasa acha kutia chochote kwa siku tatu. Pima saa ile ile kila siku. Huku ndiko kujua tangi linakula kiasi gani, na bila namba hiyo kila dozi ni kupiga ramli. Tuseme tangi la lita 200, ambalo ukiondoa mawe na mchanga lina maji lita 170. Jumatatu lilisoma 8.6, Alhamisi likasoma 7.7. Limekula 0.9 kwa siku tatu, yaani 0.3 dKH kwa siku. Shika namba hiyo.

Hatua ya 4: Kalsiamu na magnesiamu

Kalsiamu haina haraka. Kwa kila 1 dKH ambayo matumbawe yametumia, kalsiamu hushuka kwa takriban 7 mg kwa lita. Tangi letu la mfano litapoteza 2 hivi kwa siku, kiasi ambacho seti yako haiwezi hata kukiona. Kupima kalsiamu kila siku ni kuchoma kemikali bure. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Magnesiamu hushuka polepole zaidi, lakini ikishuka sana huvuruga kalsiamu na alkaliniti. Kazi yake moja ni kuzuia kalsiamu na kaboneti zisishikane zenyewe majini. Ikiwa unatia dawa na namba hazipandi, huku hita na pampu zikiota ukoko mweupe mgumu, pima magnesiamu kabla hujaongeza tone lolote. Ili kupandisha 100 mg kwa lita kwenye lita 100 za maji, unahitaji takriban gramu 84 za magnesiamu kloridi heksahaidreti. Igawe kwa siku kadhaa.

Hatua ya 5: Kutia dawa

Kwa kila lita 100 za maji halisi, gramu 3 za beking soda hupandisha 1 dKH, na gramu 3.7 za kalsiamu kloridi dihaidreti hupandisha kalsiamu kwa 10 mg kwa lita. Hesabu zote zinatokana na hizo mbili.

Tangi letu la lita 170 linalokula 0.3 dKH kwa siku linahitaji karibu gramu 1.5 za beking soda kila siku, na gramu 1.3 za kalsiamu kloridi. Kupima gramu moja na nusu kila asubuhi kabla ya kukimbilia matatu hakuna atakayeweza, kwa hiyo tengeneza chupa mbili. Ya kwanza: gramu 75 za beking soda kwenye lita moja ya maji ya RO. Ya pili: gramu 66 za kalsiamu kloridi kwenye lita moja nyingine. Ya pili itapata moto unapoichanganya, hiyo ni kawaida. Tumia jagi linalostahimili joto, utie unga kwenye maji taratibu. Kwa vipimo hivyo, mililita 20 kutoka kila chupa ndizo dozi ya siku. Mililita zinabaki sawa kwa chupa zote mbili hata mahitaji yakiongezeka, kwani uwiano umeshapangwa.

Zitie mahali penye mkondo mkali, chupa moja kwanza, nyingine baada ya nusu saa au zaidi. Zikikutana kabla ya kusambaa utaona theluji nyeupe, na hiyo ni pesa yako inazama chini. Usipandishe alkaliniti zaidi ya 1 dKH kwa siku, hata kama imeanguka hadi 6. Nusu ni bora. Baada ya wiki pima tena: ikiwa imepanda, punguza dozi kidogo, ikiwa imeshuka, ongeza. Kwa kuwa chupa hizi mbili huacha chumvi ya kawaida nyuma yake, angalia refraktomita kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu beking soda yenyewe: ile ya pakiti ya dukani iliyoandikwa bikaboneti ya soda tupu inafaa. Beking poda haifai, ina asidi na wanga ndani. Na magadi ya kupikia githeri yakae mbali kabisa na tangi. Ni kweli yana kaboneti na bikaboneti, na kuna watakaokuambia ni kitu kimoja, lakini magadi ya ziwani huja na floraidi na uchafu mwingine usioujua. Ndiyo maana umelipia chujio.

Wengine hupenda maji ya chokaa, nami ni mmoja wao kwa matangi madogo. Kalsiamu haidroksidi safi ikiyeyushwa hadi maji yashibe huleta kalsiamu na alkaliniti pamoja kwa uwiano ambao matumbawe huvila, na hupandisha pH. Lita moja ya maji hayo kwenye tangi letu hupandisha 0.7 dKH hivi. Yadondoshwe polepole usiku kucha badala ya maji ya kujazia. Ni makali, yana pH ya 12 na zaidi, kwa hiyo vaa miwani na glavu. Chokaa ya fundi wa kupaka ukuta si hiyo.

Hatua ya 6: Nitrati na fosfati

Usizitafutie sifuri. Matumbawe yanahitaji kula, na tangi lisilo na nitrati wala fosfati hupauka rangi, kisha likavamiwa na utelezi wa kahawia wenye mapovu. Hatari huzidi pale maji matupu namna hiyo yanapokutana na alkaliniti ya juu, 11 kwa mfano: ncha za matumbawe ya matawi huungua na kuwa nyeupe.

Fosfati ndogo haisomeki kwa macho kwenye kadi ya rangi. Kwa hiyo moja nunua kifaa cha dijitali. Cha kampuni ya Hanna ndicho kinachotumiwa na wengi. Nitrati na fosfati zikizidi, anza na chakula: suuza kile kilichogandishwa, punguza mara za kulisha, safisha skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu). Kubadilisha maji hupunguza kwa uwiano wake tu. Asilimia 20 itaitoa nitrati kutoka 40 hadi 32. Chembechembe za oksidi ya chuma hunyonya fosfati vizuri mno, kwa hiyo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kushusha kwa ghafla huua zaidi kuliko fosfati yenyewe.

Hatua ya 7: pH

Hushuka usiku, hupanda mchana. Ikisoma 7.8 asubuhi na 8.2 jioni, endelea na shughuli zako. Ikikaa chini ya 7.8 mchana wakati alkaliniti iko sawa, fikiria hewa ya nyumbani. Baridi ya Julai hufanya watu wafunge madirisha, wakapika kwa gesi, wakalala wanne chumbani, na kabonidaioksidi yote hiyo huingia majini. Fungua dirisha saa moja upime tena. Dawa za kupandisha pH za chupani sizinunui, kwa sababu nyingi ni alkaliniti kwa jina jingine.

Stima ikipotea

Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 18. Maji yetu basi hushika oksijeni kidogo kuliko tangi lile lile likiwa Nyali. Pampu zikizima, samaki wataanza kuhema mapema. Pampu ya hewa ya betri inunuliwe kabla ya taa ya pili. Na wakati mkondo umesimama usitie dawa yoyote, hata kama saa ya dozi imefika. Kama una mashine ya kutia dawa iliyo kwenye inverta huku pampu za mzunguko ziko kwenye stima ya kawaida, badilisha nyaya hizo leo. Alkaliniti ikitiwa kwenye maji yaliyotulia haisambai, na tumbawe la karibu huipokea yote.

Ratiba

Tangi jipya la matumbawe: alkaliniti mara mbili au tatu kwa wiki, chumvi kila wiki, kalsiamu, nitrati na fosfati kila baada ya wiki mbili, magnesiamu kila mwezi. Likishatulia, alkaliniti mara moja kwa wiki. Andika kwenye daftari tarehe, saa, namba, na ulichotia. Tumbawe likifunga ghafla, fuata mpangilio ule ule: joto, TDS ya maji ya kujazia, chumvi, alkaliniti. Namba moja ikikushtua, rudia kipimo hicho kabla hujagusa chupa. Ukipata sawa kote na bado linanyauka, badilisha asilimia 15 hadi 20 ya maji, weka makaa mapya, kisha angalia kama kuna sumaku au skrubu iliyoota kutu ndani ya sampu, lile tangi dogo la vifaa lililo chini.